Chumba cha Nyota chenye Milango Miwili

Fundi aliyenijengea aliuliza swali moja tu katika kazi nzima, na aliliuliza akiwa ameshapandisha nusu ya ukuta. "Bwana, choo chenye milango miwili ni cha nini? Mtu akishtuliwa huku, akimbilie kule?"

Hakikuwa choo, ingawa sikuweza kumlaumu. Kilikuwa chumba cha matofali kisicho na dirisha, upana wake wa kutosha kitanda na kiti, kimesimama nyuma ya nyumba yetu hapa Mafubira, Jinja, kati ya migomba na tangi la maji. Paa lake la mabati lilikaa juu ya magurudumu ya geti. Ukilisukuma, liliteleza kwenye reli mbili za chuma hadi likasimama nje, juu ya migomba, na chumba kikabaki wazi kama sufuria iliyofunuliwa. Katikati ya sakafu ilisimama nguzo ya saruji iliyofika kifuani, na juu ya nguzo hiyo ndipo ningefunga darubini.

Majirani walikuwa na maoni yao. Wa kulia alisema ni banda la kuku wa kizungu wanaohitaji hewa. Mama mmoja wa kwaya alisikia kwamba nimefungua kanisa. Jirani wa kushoto, mwanajeshi mstaafu aliyetumikia miaka mingi kambi ya jeshi ya Kimaka na ambaye mtaa mzima bado unamwita Afande, alikuja mwenyewe kukagua. Alizunguka mara moja, akagonga ukuta kwa kidole, akasema, "Profesa, kama ni handaki, limekosa paa. Kama ni nyumba, imekosa akili."

Mimi si profesa. Nilifundisha chuoni kidogo, kisha nikaanza kuandika insha ambazo watu husema wamezisoma. Wanaume wa rika langu hapa Jinja, wakifika umri huu, hununua shamba la miwa au hugombea udiwani. Mimi nilinunua darubini kutoka kwa mwalimu mgeni aliyekuwa anarudi kwao na hakutaka kulipia mzigo. Mke wangu aliitazama ikishushwa kwenye bodaboda, imefungwa kwa blanketi kama mgonjwa, akasema, "Angalau haili."

Mlango wa pili ulikuwa sharti lake. "Ukijenga," alisema, "jenga na mlango wa mama."

Hapa lazima nieleze. Mimi ni Msoga, mke wangu ni Mgisu, na wote wawili tulilelewa kwenye kambi: yeye ya polisi Mbale, mimi kwenye nyumba za askari magereza. Ndiyo sababu lugha ya nyumba yetu ni Kiswahili, jambo ambalo wageni wetu wengine hulitazama kama mbwa aliyefungwa uani: wanauliza kwanza kama anauma. Wasoga na Wagisu wanatofautiana kwa mengi, kuanzia namna ya kupika ndizi. Lakini kwa hili wanakubaliana: mwanamume na mama wa mke wake hawagusani, hawalali chini ya paa moja, na hawapishani mlangoni. Wakizungumza, ni vizuri kuwe na ukuta au mtu katikati. Anayevunja mwiko huu, mikono yake itatetemeka siku moja, ugonjwa ambao kwetu tunauita obuko. Nimesoma, na najua kwamba mikono ya wazee hutetemeka kwa sababu nyingine. Lakini mtu anayetaka kuona sayari kwa darubini hachezi bahati nasibu na mikono yake.

Mama mkwe wangu ni mjane wa sajini wa polisi. Anaishi Mbale, upande wa mji unaotazama majabali ya Wanale, ambako wakati wa mvua maji huonekana yakining'inia ukutani kama nyuzi. Maisha ya kambini yalimpa Kiswahili cha amri na ulimi usioomba ruhusa, lakini mila hakuiacha hata siku moja. Akija Jinja, hulala kwa Afande, kwa kuwa mke wa Afande ni wa kwao. Nikiingia uani akiwa anapepeta mchele, hugeuka upande na kujifunika leso, kisha humwambia binti yake kwa sauti ambayo ningeisikia hata nikiwa kule mtaa wa Mpumudde: "Mwambie baba wa watoto, shikamoo yake nimeipokea."

Jicho lake la kushoto lilikuwa limekwisha zamani. La kulia lilikuwa linaliwa na presha ya macho, maradhi yanayoanza pembeni na kuja polepole katikati. "Jicho langu limekuwa bomba," alimwambia mke wangu. "Kilicho mbele yangu nakiona hata sindano. Kuku akipita pembeni, simjui mpaka ameshakula mahindi." Dawa ya matone ilikuwa imeshindwa. Daktari wa Mbale alitaka kumpasua ili presha ishuke, na alikuwa mkweli: kilichopotea hakitarudi, upasuaji ungelinda kilichobaki tu, na kulikuwa na hatari ndogo ya kukipoteza hicho pia. Asipopasuliwa, alisema, mwaka mmoja, labda miwili, halafu giza.

Mama alikataa. Sababu yake aliitoa mara moja na hakuongeza. "Nilazwe, nikatwe jicho, ili nibakiwe na tundu? Tundu ni la nini? Binadamu mzima anatazama nini kwenye tundu?"

Mke wangu alilia kwa siri, kisha akafanya kama wafanyavyo walimu wakuu wa shule, naye ni mmoja wao: akatafuta njia ya kuzunguka. Daktari wa pili alikuwepo Jinja, na alikuwa na subira kuliko wa kwanza. Lakini mama hangesafiri kwa ajili ya daktari. "Mwalike wewe," mke wangu aliniambia. "Mwambie unafungua chumba chako cha nyota. Mkwe akialika, hawezi kukataa, ni heshima. Akishafika, mimi nitamalizia."

Hivyo ndivyo chumba changu kilivyopata kazi kabla ya kupata darubini. Nilijenga nikiwa na kitabu kimoja cha wapenda nyota, chenye picha safi za bustani za Ulaya, na nikafuata kila picha kwa utiifu ambao sikuwahi kuuonyesha nikiwa mwanafunzi. Kitabu kilieleza kwamba nyota huzunguka angani kwa sababu dunia inazunguka, kwa hiyo sayari haikai ndani ya darubini. Inapita kama mtu anayepita mbele ya tundu la ufunguo. Dawa yake ni kuifunga darubini juu ya chuma kilichoinamishwa, chenye injini ndogo ya betri inayoigeuza taratibu, ili iifuate sayari. Nikampelekea mchomeleaji picha. Alitengeneza chuma kilekile, kwa mwinamo uleule, nusu kimesimama, nusu kimelala. Nilikipaka rangi ya kijani. Kilipendeza sana.

Injini kwangu haikuwa anasa. Wageni wa kawaida ningeweza kusimama nao na kuirudisha sayari kwa mkono kila inapotoka. Kwa mama, hapana. Mimi ningeelekeza darubini, ningetoka kwa mlango wangu, ningefunga, ningekohoa. Ndipo yeye angeingia kwa mlango wake, ajipange, akae kwenye kigoda, avue miwani, aweke jicho. Mama hana haraka. Heshima haina haraka. Zohali peke yake, ile sayari yenye pete niliyotaka kuwaonyesha, ndiye aliyekuwa na haraka, na niliitegemea injini imzuie.

Jioni ya ufunguzi mvua ilinyesha hadi saa kumi na moja, kisha anga ikafunguka kama iliyofuliwa. Alikuja Afande na mkewe, mchungaji wetu, na mama wa kwaya aliyetaka kuthibitisha kuhusu kanisa; mama mkwe, aliyefikia kwa Afande, alikaa upande wa mlango wake. Mke wangu alitoa chai na karanga. Giza lilipoingia tu, nililisukuma paa, nikamtafuta Zohali upande wa mashariki, nikawasha injini, na nikatoka nje ili kila mtu apate nafasi.

Afande alikuwa wa kwanza. Alikaa ndani muda mrefu. "Eeeh!" tulimsikia. "Hii pete! Kubwa kama ya harusi!" Alitoka akitikisa kichwa. "Profesa, naomba msamaha kuhusu akili."

Mchungaji aliingia akatoka akisema, "Mbingu zauhubiri utukufu," na macho yake yalikuwa na machozi, ninaapa. Mama wa kwaya aliona pete na malaika wawili pembeni. Mke wa Afande alisema nzuri, nzuri sana, inang'aa. Nilisimama kando ya tangi la maji nikipokea pongezi, na nafsi yangu ilikuwa imevimba kama mandazi.

Kisha nikaingia, nikaona kwamba injini bado inanguruma vizuri, nikaridhika bila kuweka jicho, nikatoka, nikafunga mlango, nikakohoa. Upande wa pili tukasikia mlango wa mama ukifunguliwa, kigoda kikivutwa, pumzi. Tulingoja. Mke wangu alinishika mkono.

"Hapa hamna kitu," sauti ilisema kutoka ndani.

Mke wangu akasogea karibu na matundu ya hewa ukutani. "Mama, weka jicho la kulia."

"Nimeweka la kulia. La kushoto ningeliwekea nini? Nakuambia hamna kitu. Ni giza. Mnatazama giza jamani, na mchungaji analia!"

Afande alianza kukagua kucha zake. Mama wa kwaya akakumbuka kwamba aliacha maharage jikoni. Mama alipokwisha kutoka niliingia nikatazama, na ilikuwa kweli: giza tupu, safi, lisilo hata na nyota ndogo. Zohali alikuwa ameshaondoka zamani. Nilipojaribu tena nikiwa na saa mkononi, nikagundua alikuwa anatoka baada ya muda wa kunywa mafunda machache ya chai, injini ikinguruma au isingurume. Huenda Afande alimwona kidogo. Huenda hata yeye hakumwona. Wote waliofuata walikuwa wametazama anga tupu na kuisifia, kwa sababu walikuwa wamekunywa chai yangu.

Tena kulikuwa na jambo ambalo mimi nilipaswa kulikamata hapohapo. Mwaka ule pete ya Zohali ilikuwa imetugeuzia ubavu. Hutokea hivyo kila baada ya miaka kadhaa: kwa wiki nyingi haionekani kama pete, inaonekana kama mstari mwembamba tu. Nililijua hilo, kitabu kilisema. Na bado niliposikia "kubwa kama ya harusi" nilitabasamu na kusema asante.

"Ulifundisha watu chuoni," mke wangu alisema tukikusanya vikombe.

"Kidogo," nilisema.

Asubuhi mama alikataa kwenda kwa daktari wa Jinja. Alikuwa tayari amefunga mkoba. Nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, mahali pangu halali, nikasikia kila neno. "Mwambie mkwe wangu asijisikie vibaya, chumba chake ni kizuri, kimepakwa rangi vizuri. Lakini mimi nimekuja nimeona. Tundu lake nimelitazama, na langu nalijua. Yote mawili mwisho wake ni giza. Sasa nikatwe jicho kwa ajili ya nini?"

Alipanda gari la Mbale. Mke wangu hakunilaumu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nilikuwa nimejenga nyumba nzima ya matofali kwa ajili ya kumthibitishia mama yake kwamba hoja yake ni sahihi.

Wiki zilizofuata nilikaa na ile injini kama mtu anayeuguza ng'ombe. Nilibadilisha betri. Niliifungua, nikaipaka mafuta, nikaifunga, nikabaki na skrubu moja ambayo hadi leo sijui ilitoka wapi. Ilizunguka sawasawa kabisa. Ilikuwa inafuata kitu kwa bidii. Kitu hicho hakikuwa Zohali.

Jibu nililipata Mbale, nikiwa sifanyi lolote. Mke wangu alikwenda kumbembeleza mama tena na mimi niliendesha gari. Kwa kuwa siwezi kuingia ndani mama akiwemo, niliwekewa benchi uani, nyuma ya jiko, pamoja na sahani ya matoke na malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani yaliyopikwa kwa karanga ambayo Wagisu wanaamini Wasoga hatustahili. Ndani niliwasikia wakibishana kwa sauti ya chini. Jua lilikuwa limezama, chakula kilikuwa kizuri, nikajilaza kwenye benchi uso ukielekea Wanale, mashariki.

Nyota zilianza kutokeza juu ya jabali. Niliichagua moja, kwa sababu sikuwa na kazi nyingine, nikaiangalia ikipanda. Ilipanda wima. Haikuelekea kushoto wala kulia. Ilikwenda juu moja kwa moja kama ndoo inayovutwa kisimani. Nikachagua nyingine. Wima. Nikaona kwamba nimekuwa nikiziona nyota zikipanda hivyo tangu utoto, na jua likizama hivyo, limesimama kama askari, na sijawahi kulifikiria. Katika picha za kitabu changu nyota zilipanda mshazari. Mwandishi alikuwa anaishi mbali huko kaskazini, ambako anga huzunguka imeinama, kama mwavuli uliolazwa begani. Kwa hiyo na chuma chake kiliinama. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta. Hapa anga huzunguka kama kuku kwenye kijiti juu ya makaa: kijiti chenyewe kimelala chini kabisa, ncha moja kaskazini, ncha nyingine kusini. Chuma changu kizuri cha kijani kilikuwa kinaitazama anga ya mji wa mtu mwingine.

Nimepita ikweta mara nyingi. Nimepiga picha nikiwa nimesimama juu yake, mguu huku, mguu kule, nikicheka. Nimewahi hata kuandika insha ndefu, yenye hasira kidogo, kuhusu watu wetu wanaoiga kila kitu kutoka Ulaya bila kukipima kwa hali ya hapa. Iliandikwa vizuri. Nilicheka peke yangu pale kwenye benchi hadi sauti ikatoka jikoni: "Mkwe wangu amefanya nini? Ni malewa?"

"Mwache, mama," mke wangu alisema. "Anafikiri."

"Basi mpelekee maji."

Kurekebisha kulichukua muda mrefu kuliko kufahamu, kama kawaida. Mchomeleaji alikikata chuma na kukilaza, na papo hapo tukapata tatizo jipya: mzigo wa kusawazisha, lile donge la chuma linalokaa mkabala na darubini, uligonga nguzo kila darubini ilipogeuka. Vyuma vya Ulaya havijatengenezwa kulala. Tulikiongezea chuma mkono wa bomba la maji ili kisimame mbele ya nguzo, kikawa kama mtu aliyetoa kichwa dirishani. Kaskazini niliipata kwa kivuli cha kamba yenye jiwe saa ya jua kuwa juu, kwa sababu nyota ya kaskazini, ambayo kitabu kilisema itanisaidia, kwetu inalala chini kabisa kwenye ukungu, nyuma ya nyumba ya Afande, na haijawahi kumsaidia mtu yeyote Mafubira. Rangi ya kijani iliungua yote. Kilikuwa kitu kibaya sana kukitazama. Nilimweka Zohali katikati, nikaenda nikaoga, nikanywa chai, nikarudi. Alikuwepo.

Mke wangu alitazama, akasema, "Sasa ni kumpata mama."

Ilikuwa vigumu. Mkwe haaliki mara mbili kwa karamu ileile. Mwishowe Afande ndiye aliyempigia simu, na nilimsikia kupitia ua. "Mama, hapa Afande. Ile siku nilisema nimeona pete. Nilidanganya... Ndiyo, mama. Mchungaji naye. Sasa mtaani hatujui kama huyu Profesa ameitengeneza kweli au tunadanganyana tena, na kila nikienda kutazama, siyaamini macho yangu mwenyewe. Tunahitaji mtu asiyejua kusifu." Sijui mama alijibu nini, ila Afande alisimama wima akasema, "Ndiyo, mama," mara tatu.

Alikuja wiki moja kabla ya Krismasi. Hapakuwa na chai wala wageni. Mke wangu alikataza. Wakati huo mama alikuwa ameanza kugonga miimo ya milango kwa bega, na mke wangu alinionyesha mchubuko kwa macho. Saa moja na nusu jioni Zohali alikuwa juu sana, karibu utosini. Nilimweka katikati, nikatoka, nikafunga, nikakohoa. Nikaenda kusimama nyuma ya ukuta, kwenye matundu ya hewa, kama padri anayengoja maungamo.

Alijipanga bila haraka. Kigoda. Leso. Miwani ilivuliwa, ikapanguswa, ikawekwa. Nilihesabu kwa pumzi na nikakata tamaa mara mbili. Mke wangu alikuwa kwenye mlango wa mama, ameshika upande wa leso.

"Ipo," alisema.

Mke wangu alitaka kusema kitu, nikasikia mama anamnyamazisha kwa ulimi. Halafu akaanza kueleza, polepole, kama mtu anayetoa ushahidi polisi. "Ni shanga. Ndogo. Rangi yake ya siagi. Sindano imepita katikati, imetokeza huku na huku. Hapana pete. Nani alisema pete?"

Ndio ule mstari wa kitabu. Sisi wengine, tunapoweka jicho pale, macho hutangatanga. Tunatafuta ukingo wa kioo, tunaona kope zetu, tunaipoteza sayari iliyo mbele ya pua. Jicho la mama halikuwa na pa kutangatanga. Lilikuwa limezoea kukaa kwenye tundu na kukitazama kilichomo hadi kiishe. Alikaa hapo muda mrefu kuliko mtu yeyote aliyewahi kukaa, na injini ilinguruma, na shanga haikuondoka.

"Na kando ya shanga kuna kichembe," alisema. "Kama chumvi. Ni uchafu, au ni kitu?"

"Ni mwezi wake," nilisema kwenye matundu ya hewa. Sikumwambia mtu aniwakilishe, nilisahau. "Mwezi wa Zohali, mama. Mkubwa kuliko yote aliyo nayo."

Hakujibu moja kwa moja kwangu, angewezaje. "Mwambie mkwe wangu," alisema, ingawa nilikuwa hatua moja tu nyuma ya tofali, "anieleze hiyo pete wanayodanganya iko wapi."

Nikamweleza mke wangu, naye hakuwa na haja ya kurudia neno: kwamba pete ipo, imegeuza ubavu, kama sahani ukiitazama kwa ukingo. Itaanza kufunguka. Mwakani itakuwa kama jicho linaloamka. Kila mwaka itapanuka kidogo.

"Mpaka lini?"

"Kuwa wazi kabisa, kama miaka saba hivi."

Nilimsikia akihema kwa pua, kama afanyavyo akipima mchele wa muuzaji asiyemwamini. Nilidhani atasema ni mbali. Ana umri ambao watu hawanunui viatu vipya bila kufikiri.

"Sindano nimeiona," alisema hatimaye. "Mimi sipendi kitu nikione nusu." Kigoda kikasogezwa. Mlangoni alimwambia binti yake, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu daktari wenu wa Jinja simtaki. Yule wa Mbale hakunibembeleza. Mpigie yeye."

Walimpasua mwezi uliofuata. Nilikaa nje ya kliniki siku nzima, nikijua kwamba kama jicho hilo litapotea, mimi na chuma changu ndio tuliomsukuma, na hakuna insha itakayonitoa hapo. Jioni walimtoa amefungwa bandeji. Mke wangu alikuwa dukani akinunua dawa, muuguzi aliitwa kwingine, na mama akabaki amesimama kwenye veranda, mikono mbele, haoni lolote. Nilikuwa peke yangu. Nilitazama huku na huku, kisha nikachukua mwavuli wangu, nikaiweka ncha yake kwenye kiganja cha mama. Aliugusa, akaupima, akaelewa. Tukashuka ngazi hivyo, mimi nimeshika mpini, yeye ncha, hadi kwenye gari.

"Yule anayenivuta avute polepole," aliuambia mwavuli. "Mimi si mfungwa wa baba yake."

Kesho yake asubuhi bandeji ilitolewa. Mimi nilikuwa nje kama inavyopasa, lakini miguu ilinisogeza hadi nikawa nimesimama mkabala na dirisha la chumba cha daktari, upande wa pili wa bustani, nimeshika mwavuli wangu. Dirisha lilikuwa wazi. Nilimwona daktari akisogeza kiti mbele yake, mke wangu ameweka mikono mdomoni.

"Mama, kutakuwa na ukungu kidogo, utapungua," daktari alisema. "Usiharakishe. Niambie unaona nini."

Alikaa muda, akatengeneza leso yake.

"Naona mtu mwembamba hajala," alisema. "Ana kofia ya kijani. Nyuma ya kofia kuna dirisha. Na kwenye dirisha amesimama mkwe wangu ananitazama usoni bila haya. Mwambieni aondoke."

Nikaondoka. Nilikwenda hadi nyuma ya gari, mahali ambapo hata kwa darubini hangenipata, na nikainama kana kwamba natazama gurudumu.